HISA ZA KAMPUNI NA FEDHA ZA CHAMA



Mkulima wa mpunga kando ya Mto Kiwira anafahamu kwamba bonde lenye rutuba ndilo lenye mafuriko. Hisa nazo ni vivyo hivyo. Mwaka 2009 Benki ya CRDB iliuzia umma hisa kwa sh. 150 kila moja. Bei ilipanda, lakini mwishoni mwa 2019 ilikuwa chini ya sh. 100, baadaye ikapanda tena. Aliyeweza kusubiri alinufaika. Aliyelazimika kuuza wakati ule alipata hasara.

Kwa hiyo malipo ya kokoa ya wakulima yasinunuliwe hisa. Itumike ziada tu, kwa idhini ya mkutano mkuu, wala isiwekwe yote katika kampuni moja. Kwanza zisomwe hesabu zilizokaguliwa: faida, madeni na gawio.

Ada ya shule haingoji bei ya hisa ipande.