Kijana Wetu Chuoni Amekula?



Tukishamsindikiza kijana stendi na begi lake, tunaona kazi imekwisha. Mwenye mkopo wa Bodi hupewa fedha ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Lakini boom huja kwa awamu, na kabla haijaingia vijana hupiga pasi ndefu: asubuhi hakuna, mchana hakuna, wali maharage jioni. Ikiingia, wengine hukata kipande wakatuma nyumbani kwa ada ya mdogo wao. Hilo tunalijua, wapokeaji ni sisi.

Akikuambia kwenye simu kuwa tumbo linamsumbua, muulize kwanza amekula nini.

Na akiugua kweli, hana bima? Bima ya mwanafunzi imekuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mbuzi hanunuliki kwa bei hiyo. Naomba sehemu ya harambee ya leo iwalipie bima vijana wetu wa mwaka wa kwanza, pamoja na chakula cha mwezi ule wa mwanzo.

Naanza na vijana watatu: shilingi 151,200. Mhazini aandike.