UUGUZI NI ELIMU, TENA NI UONGOZI

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa mwaka wa Chama, Kegonga)



Neno letu ni juu ya uuguzi. Kwani wengi wetu tungali tukidhani ya kuwa muuguzi ni mtu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, na ya kuwa binti akiisha kupata stashahada yake, safari imekwisha. Sivyo.

Fundi hajengi nyumba kabla ya kupima kiwanja na kuvuta kamba. Vivyo hivyo muuguzi mwenye elimu ya juu huwa na kielelezo cha fikra, kinachomwonyesha aanzie wapi na atazame nini kwa mgonjwa. Dorothea Orem wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alifundisha ya kuwa muuguzi ajiulize kwanza: Mtu huyu aweza kujitunza kwa kiasi gani, na wapi nguvu zake zapungua? Mzee mwenye ugonjwa wa sukari hatoshelezwi na vidonge peke yake. Hana budi kufundishwa chakula chake na kuitazama miguu yake kila siku, kwa maana siku zake nyingi yuko nyumbani, si hospitalini.

Naye Madeleine Leininger, muuguzi aliyesomea pia mila za watu, alikwenda kukaa na Wagadsup wa New Guinea katika miaka ya 1960. Alifundisha njia tatu: mila njema ihifadhiwe, ile iwezayo kupatana na matibabu ipatanishwe, na ile yenye kudhuru, wenyewe wasaidiwe kuibadili. Tuzipime njia hizo hapa petu. Uji apikiwao mzazi nyumbani na uhifadhiwe. Nyanya atakaye kukaa karibu na binti yake wakati wa uchungu atafutiwe nafasi. Huo ndio upatanisho. Lakini kuwakeketa wasichana, jambo lililopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, huleta kutokwa na damu nyingi na hatari wakati wa kuzaa. Hilo ni la kubadilishwa, wala muuguzi peke yake hataliweza ikiwa inchama imenyamaza. Penye wazee haliharibiki neno. Basi wazee wetu, neno hilo na litamkwe.

Wala tusidhani kwamba uongozi huu ni wa watu wa mbali. Eunice Muringo Kiereini, Mkenya mwenzetu, aliwaongoza wauguzi wa nchi hii katika Wizara ya Afya. Tena alikuwa Rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi tangu 1981 hata 1985, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mwaka 2020 Baraza hilo lilishauri kwamba muuguzi wa daraja la juu, mwenye kupima, kuamua na kutibu kwa madaraka yake, awe na shahada ya uzamili. Mafunzo ya namna hiyo yalianza Colorado, Marekani, mwaka 1965, ili wauguzi wawatunze watoto mahali palipopungukiwa na madaktari. Upungufu huo sisi nasi twaujua.

Sasa tuseme kosa letu. Huchanga kwa furaha kumpeleka mtoto chuoni mara ya kwanza; lakini muuguzi aliye kazini akiomba msaada ili aendelee, twamwambia, "Kazi unayo, wataka nini tena?" Kwa neno hilo twamzuia yule ambaye angerudi kutuongoza.

Kwa hiyo twaomba mfuko wa masomo wa Chama uwafungulie mlango wauguzi walio kazini, wanawake kwa wanaume, nao waahidi kurudi kuwatumikia watu wa Kegonga. Tunawaachia wazee shauri hili mlipime.