Msaada kwa Mama Anyonyeshaye
Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na washarika, Ilula



Tumepewa nafasi ya kusema habari za malezi, nasi tumechagua jambo moja tu: mama anyonyeshaye atapata wapi msaada na shauri jema? Huenda mtu akauliza, "Je, kunyonyesha nako kwahitaji mwalimu?" Twamjibu: Ndiyo. Mtoto huzaliwa na hamu ya kunyonya, lakini mama aliyezaa mara ya kwanza hajui kumpakata vema mpaka aonyeshwe. Zamani alionyeshwa na mama yake na bibi yake. Siku hizi wengi wamekuja Ilula kufuata mashamba na biashara ya barabara kuu, na mama zao wako mbali. Mtoto aliapo usiku, hawana wa kumwuliza.

Nchi yetu ya Iringa ni nchi ya chakula. Mahindi twavuna, na matenga ya nyanya za Ilula hupakiwa katika magari kwenda Dar es Salaam. Walakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa mkoa wetu uliipita mikoa yote ya Tanzania kwa watoto waliodumaa. Katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, kama 57 walikuwa wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30. Sababu zake ni nyingi: chakula cha namna moja, maradhi ya kuhara, na kazi nyingi za mama. Lakini kunyonyesha ni mwanzo wa malezi yote, na hapo twaweza kuanza bila kungojea fedha.

Tazameni jinsi taabu inavyoingia. Mtoto analia. Jirani asema, "Maziwa yako hayatoshi, mpe uji." Mama aona hofu, akoroga uji mwepesi. Mtoto akishiba uji hanyonyi sana. Naye asiponyonya, maziwa hupungua, maana titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Basi lile neno la jirani, ambalo halikuwa kweli asubuhi ile, baada ya siku chache limekuwa kweli.

Kwa hiyo kila mmoja wetu na ajue mambo haya. Mtoto anyonye katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza yenye rangi ya manjano yasimwagwe, kwa kuwa ndiyo kinga yake. Kwa miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga. Kisha aanze chakula cha namna mbalimbali, huku akinyonya hata miaka 2 au zaidi. Chuchu zikiuma au kupasuka, mara nyingi ni kwa sababu mtoto ameshika ncha tu. Afunguliwe kinywa sana, alishike na lile duara jeusi. Na mama akitaka kujua kama maziwa yanatosha, asikisikilize kilio peke yake: mtoto akojoaye mara 6 au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake wapanda katika kadi ya kliniki, huyo anashiba.

Wako pia mama wanaoishi na VVU. Wasinong'onezwe waache kunyonyesha. Mafundisho ya waganga ni kwamba mama atumie dawa zake kila siku bila kukosa, anyonyeshe kama wengine, na mtoto apimwe kwa wakati wake. Kumcheka mama huyu ni kumfukuza kliniki, na kumfukuza kliniki ni kumdhuru mtoto.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baadaye nafasi ya kunyonyesha hata saa 2 kwa siku ya kazi. Lakini mama wa shamba la nyanya hana mwajiri wa kumdai. Sheria yake ni sisi majirani. Baba na achote maji na kupasua kuni. Mama mkwe na apike, amwache mzazi alale mtoto alalapo. Wamwagiliao naye shambani na wampe kivuli na muda.

Ninyi walimu, twawaomba hivi: katika kila mtaa wachagueni mama wawili walionyonyesha vema, wapate mafundisho kwa wauguzi wa hospitali yetu ya Ilula au wa zahanati iliyo karibu, kisha wamtembelee kila mzazi katika juma la kwanza, maana ndilo juma la machozi. Matiti yakivimba pamoja na homa, au mtoto akikataa kunyonya, wasingoje kesho. Wampeleke hospitali siku ile ile.

Wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana. Basi mikono yetu isikosekane.