Picha ya Meno: Daktari Huamuaje?

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa Kata ya Kipawa



Kuhusu huduma ya kinywa na meno, malalamiko mawili hunifikia, nayo yanapingana. Mmoja husema alipigwa picha ya eksirei na kuongezewa gharama bure. Mwingine husema daktari alimtazama kwa kioo tu, picha hakumpiga, hivyo hakuhudumiwa.

Ndugu zangu, picha haitangulii uchunguzi. Daktari kwanza huuliza: jino linauma ukinywa maji baridi, au linakuamsha usiku? Kisha hutazama, huligonga taratibu, huubonyeza ufizi. Likibaki swali ambalo jicho haliwezi kulijibu, ndipo huagiza picha, na swali hilo ndilo huchagua aina yake.

Akishuku tundu lililojificha baina ya magego, humng'atisha mgonjwa kishikio kidogo, magego ya juu na ya chini yakaonekana pamoja. Akishuku usaha kwenye ncha ya mzizi, hupiga jino hilo na jirani zake tu. Hapa msidharau gharama hiyo: picha hiyo ndogo huweza kuonyesha kwamba mzizi unatibika, na jino lililokuwa ling'olewe likabaki. Picha ya taya zima hufaa kwa gego la mwisho lililokwama, au taya lililovunjika katika ajali ya bodaboda. Mimi mwenyewe niliwahi kuidai kwa sababu ya kijitundu, nikidhani kikubwa ndicho bora. Daktari akanieleza kwamba kijitundu kama changu huweza kutoonekana humo.

Na muda je? Miongozo ya Marekani ya mwaka 2012 ilimshauri mtu mzima anayetoboka meno mara kwa mara apigwe picha za kung'ata kila baada ya miezi 6 hadi 18. Asiye na hatari hiyo, miezi 24 hadi 36.

Wanaohofia mionzi wajue kuwa ya picha moja ndogo ni michache sana. Abiria anayeruka kutoka uwanja wetu wa ndege kwenda Ulaya hupata mingi zaidi angani. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2003 imeipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania jukumu la kusimamia mashine hizi, na mama mjamzito amweleze daktari hali yake mapema.

Mwenye picha ya zamani asiitupe. Aende nayo kliniki, hata kama ilipigwa hospitali nyingine. Huenda isihitajike mpya.