Mishipa ya Damu ya Mama Mjamzito Mwenye Kisukari



Twasema machache katika mkutano huu wa mwaka hapa Kutulo. Tumechagua jambo ambalo aghalabu huachiwa wanawake peke yao, ilhali ruhusa ya safari na nauli ya gari zimo mikononi mwetu sisi wazee.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo midogo, hasa ile ilishayo macho na figo. Mwanamke akishika mimba, mishipa hiyo huongezewa mzigo. Na kondo la nyuma, ambalo humpatia mtoto chakula na hewa, nalo limejaa mishipa. Mishipa ikidhoofika, presha yaweza kupanda, macho yakaingia ukungu, na mtoto akakosa riziki yake tumboni. Presha hiyo isipotibiwa yaweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto.

Insulini iligunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, na kwayo akina mama wengi wameokoka. Mwaka 1949 Daktari Priscilla White wa Boston, Marekani, aliwapanga wagonjwa hawa kwa madaraja, akiangalia umri walioanza kuugua, miaka waliyougua, na jinsi mishipa yao ilivyodhurika. Funzo lake ni hili: haitoshi kuuliza sukari ni ngapi, yafaa kuuliza na hali ya mishipa.

Kwa hiyo yatupasa mambo manne. Kwanza, mwenye kisukari amwone mganga kabla ya kushika mimba, apimwe presha, mkojo, macho na figo, na dawa zake ziangaliwe, kwani ziko dawa za presha zisizofaa kwa mimba. Pili, kila mjamzito apimwe sukari, hata asiyejijua kuwa mgonjwa. Tatu, akiumwa sana na kichwa, akiona maruirui, au akivimba uso na mikono, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojeshwe hadi asubuhi. Nne, dini imemruhusu mgonjwa kufungua Ramadhani na kulipa siku nyingine, tusimlaumu.

Wako wasemao kwamba insulini haikai katika joto letu. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, wakaona lapanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Insulini ikajaribiwa katika joto la namna hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa ilidumu na nguvu yake kwa majuma manne. Basi umbali wa barafu usiwe sababu ya mama kukosa sindano. Chupa iwekwe kivulini mahali penye ubaridi, si juani wala ndani ya gari, kwa maelekezo ya mganga.

Wazee wetu, mfugaji hamwachi nyuma ngamia mwenye mimba msafara unapohama; sembuse mama wa watoto wetu? Twaomba chama kitenge sehemu ya michango ya mwaka ujao iwe nauli ya akina mama hawa kwenda hospitali za Elwak na Wajir, tena itolewe mapema, kabla presha haijapanda.