Mkaa wa Kariakoo, Msitu wa Katavi

Alfajiri Kariakoo, mama lishe anapepea jiko. Gunia la mkaa nyuma yake ni miti iliyokatwa mbali na jiji. Ikiungua, kaboni iliyotunzwa miaka mingi hurudi hewani.

Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8 vinafanya biashara ya kuacha msitu usimame. Kupitia mradi wa Ntakata na kampuni ya Carbon Tanzania, hewa ukaa inayozuiwa kutoka hupimwa na kuuzwa, na mapato hurudi vijijini: madarasa, zahanati, hata bima ya afya. Si sadaka hiyo, ni mauzo.

Mjini je? Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Msikilizaji, anza kutumia nishati hiyo kwa sufuria ya maharage: ndiyo inayomaliza mkaa.