Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tulivyotembelea Dunga

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia huko Nyalenda, Kisumu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na vikundi vya mbali vipate kuyazungumzia.)



Nimepewa nusu saa. Nitajaribu nisizidi, maana najua kuna walioacha sufuria jikoni.

Nimeombwa nieleze safari yetu ya Dunga. Wengine mlicheka mliposikia neno "safari". Mlisema, safari gani hiyo? Dunga si ni hapo tu? Ni kweli. Kutoka katikati ya mji wa Kisumu mpaka ufuo wa Dunga si mbali, na sisi wa Nyalenda tuko karibu zaidi. Hatukupanda matatu wala bodaboda. Tulitembea kwa miguu. Lakini hebu niwaulize: ni wangapi hapa wamewahi kwenda Dunga bila shida ya kununua samaki? Inueni mikono. Mnaona? Wachache sana. Watu wanatoka Nairobi, wengine wanatoka ng'ambo, wanalipa nauli kubwa waje waone mahali ambapo sisi tunapakana napo. Na sisi wenyewe hatupajui.

Tulikuwa watu 14 kutoka vikundi vitatu. Tulikwenda na swali moja: hawa jirani zetu wanapataje riziki kwa wageni, na je, kuna jambo ambalo kikundi kama chetu kinaweza kujifunza? Jibu tulilipata. Lakini tulipata na jambo lingine ambalo hatukulitafuta, nalo nitalieleza baadaye.

TULIYOYAONA

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Huku nyuma tuliacha mabati, redio na kelele za pikipiki. Kadiri tulivyokaribia ziwa, kelele zilipungua kidogo kidogo, mpaka tukasikia kasia likiingia majini. Mzee mmoja wa kikundi chetu alisimama, akasema, "Kumbe masikio yangu bado ni mazima!" Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Ukikaa miaka mingi kwenye kelele, unafikiri ni wewe umezeeka.

Kando ya ufuo kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo, ambayo Waluo tunayaita togo. Wengi wetu tulifikiri kinamasi ni mahali pa mbu na kiboko basi. Kijana wa pale pale aliyetuongoza alituonyesha kazi zake, moja baada ya nyingine.

Kwanza, mafunjo ni mali. Yanasukwa mikeka na vikapu, na yanaezekea vibanda. Yakikatwa kwa zamu yanaota tena. Lakini yakichomwa ili watu walime mahali pale, hayapewi nafasi ya kurudi.

Pili, samaki huzaliana humo, na watoto wa samaki hujificha humo wasiliwe na wakubwa. Anayemaliza mafunjo amewavunjia samaki nyumba.

Tatu, mafunjo huchuja maji. Maji machafu yanayotoka nchi kavu hupita polepole kati ya mizizi, uchafu mwingi ukabaki pale kabla ya maji kuingia ziwani.

Nne, kuna ndege. Na hapo ndipo tulipofungua macho. Kuna ndege mmoja ana kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano na mgongo mweusi. Dume na jike huitana kwa kupokezana, utafikiri ni ndege mmoja anayeimba. Ndege huyo anaishi kwenye vinamasi vya mafunjo vya sehemu hizi za Afrika, na mafunjo yakiisha hana pa kwenda. Wapo watu duniani ambao hupanda ndege ya chuma masaa mengi ili wamwone ndege huyu mdogo. Mimi nimekaa Nyalenda miaka 22, nikamwona siku ile kwa mara ya kwanza.

Baadaye tuliingia mashua. Kila mmoja alivalishwa jaketi la kuokoa maisha kabla ya kukaa. Bei tuliambiwa mbele, si baada ya kurudi. Kisha tulikula ngege na ugali, tukanawa mikono kwa sabuni. Hakuna aliyetuvuta mkono akisema nunua hiki, nunua kile. Tulijiona tumeheshimiwa, ingawa wanajua sisi ni watu wa jirani tu, wasio na pesa nyingi.

MAMA ALIYETUULIZA SWALI

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo hatukulitafuta.

Tulipokuwa tukingoja chakula, tulimkaribia mama mmoja mzee aliyekuwa akipasua mbuta. Tulimsalimu, tukamwambia tumetoka Nyalenda kuja kuona kijiji. Aliniangalia, akaniuliza, "Nyathina, mmekuja kuona kijiji au mmekuja kufuata mizigo yenu?"

Sikumwelewa. Akanyoosha kisu kuelekea kwenye mafunjo. Pale, kati ya mashina, tuliona chupa za plastiki, viatu vilivyokatika, nepi za watoto, na mifuko ya kila aina. Akasema, "Mvua ikinyesha kwenu, sisi tunapokea."

Ndugu zangu, hakuna aliyejibu. Mweka hazina wetu aliangalia chini. Kwa maana sote tunaujua Mto Auji. Unapita hapa hapa kwetu Nyalenda ukielekea ziwani. Sote tunajua yanayotupwa humo usiku. Na mimi ninayesimama mbele yenu siwezi kuwalaumu wengine. Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro. Kwa miaka mingi taka zetu zilikuwa zikimwagwa pale, mvua ikija zinachukuliwa, nasi tunashukuru kwamba pamesafika. Sikuwahi kujiuliza zinakwenda wapi. Siku ile niliziona zilikofika.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na hiyo ilisaidia. Lakini sheria haiwezi kukaa mlangoni mwa kila mtu. Na si plastiki tu. Uchafu wa vyoo na maji machafu ni chakula cha gugu maji. Mnalikumbuka gugu hili lilivyoenea ziwani miaka ya 1990, mashua zikashindwa kutoka, mpaka mwaka 1997 wakaletwa wadudu wa kulila. Lilipungua, lakini hurudi, kwa sababu ziwa bado linalishwa. Kwa hiyo mvuvi wa Dunga akishindwa kutoa mashua, na bei ya samaki ikipanda sokoni kwetu, tusiseme ni bahati mbaya. Sisi pia tumetia mkono.

KIJIJI KIMOJA CHA UFARANSA

Huenda mwingine anawaza, "Haya mambo ya kutunza kinamasi na kimya ni ya watu walioshiba." Kwa hiyo nataka niwape kisa cha kijiji kingine kilicho karibu na mji mkubwa, tuone wenzetu walifanya nini.

Huko Ufaransa kuna kijiji kiitwacho Barbizon, kama kilomita 60 kutoka mji mkuu, Paris. Miaka karibu 200 iliyopita kilikuwa kijiji cha wakulima tu, kando ya msitu mkubwa wa Fontainebleau. Hakikuwa na kitu cha kujivunia ila msitu ule na utulivu wake. Wachoraji wa picha kutoka Paris walianza kwenda huko kuchora miti na wakulima mashambani. Walikula na kulala katika nyumba ndogo ya wageni ya familia ya Ganne. Mwaka 1849 reli ilifika Fontainebleau, na watu wa mjini wakaweza kufika kwa urahisi. Sisi tunaelewa jambo hilo, kwa sababu Kisumu yenyewe ilikua baada ya reli kufika hapa mwaka 1901.

Basi ikawa miti ya kale ya msitu ule inakatwa. Mchoraji mmoja, Théodore Rousseau, alilalamika kwa wakubwa wa serikali, na wenzake wakamuunga mkono. Mwaka 1861 ikatolewa amri ya kutenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu zisikatwe, na hiyo ni moja ya sehemu za kwanza duniani kulindwa kwa ajili ya uzuri wake. Leo ile nyumba ya wageni ya Ganne ni makumbusho, na watu wa Paris bado wanakwenda Barbizon kupumzika.

Nataka mwone nini hapo? Aliyepiga kelele kuhusu miti hakuwa mzaliwa wa kijiji kile. Alikuwa mgeni aliyekipenda. Ndiyo maana ya "mgeni njoo, mwenyeji apone". Mara nyingi tunafikiri mgeni anaponya kwa pesa tu. Wakati mwingine anaponya kwa kuona jambo ambalo mwenyeji amelizoea. Sasa sisi wa Nyalenda tulikuwa wageni wa Dunga. Tumewaponya kwa nini?

TULIYOJIFUNZA KUHUSU KAZI YA WAGENI

Kabla sijamaliza, niwape mafunzo ambayo kila kikundi kinaweza kutumia, hata kama kijiji chenu kiko mbali na ziwa.

1. Msianze kwa kujenga. Anzeni kwa kuhesabu mlichonacho: kilima, chemchemi, msitu, wazee wenye historia, chakula cha kwenu. Mgeni anatoka mjini kwa sababu amechoka na mji. Mkimjengea mji mwingine na kumfungulia muziki usiku kucha, hatarudi.

2. Bei isemwe mapema, na hesabu iandikwe. Chukueni mfano huu tu. Wageni 10 wakilipa shilingi 300 kila mmoja, ni shilingi 3,000. Mashua na mafuta 1,200, mwongozaji 400, usafi wa ufuo 300. Zinabaki 1,100 za sanduku la kikundi. Zisomwe mbele ya wanachama wote. Pesa za wageni zikiingia mfukoni mwa mtu mmoja, wengine wataona kinamasi hakiwafai, na watakichoma.

3. Usalama na usafi kwanza. Choo kisafi, maji ya kunawa, jaketi za kutosha kwa kila aliye ndani ya mashua. Mgeni mmoja akizama au akiugua, kazi ya miaka imekwisha.

4. Msiache kazi ya zamani. Mwaka 2020 mambo mawili yalikuja pamoja: ugonjwa wa korona ulizuia wageni, na maji ya ziwa yakapanda mpaka yakafunika fuo na nyumba za watu. Mtu wa kutegemea wageni peke yao angekula nini? Wageni ni kama mboga. Ugali ni uvuvi, shamba na biashara ndogo.

5. Heshima ya mwenyeji isiuzwe. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Watoto wafundishwe kusalimu, si kuomba pesa.

TULIYOAMUA

Tuliporudi, vile vikundi vitatu tulikaa pamoja. Hatukuandika barua ndefu. Tuliamua mambo mawili. Kwanza, Jumamosi moja kila mwezi tutasafisha sehemu ya mtaro iliyo mbele ya nyumba zetu, na taka zipelekwe zinakochukuliwa na gari, zisisukumwe kwa jirani. Pili, vijana wetu wanaookota chupa za kuuza watapewa magunia na sanduku la kikundi, ili chupa zikamatwe hapa kabla hazijafika Auji.

Ni kazi ndogo. Najua mvua moja kubwa inaweza kutushinda. Najua pia kuna majirani watakaotucheka na kuendelea kumwaga usiku. Lakini Nyalenda haina ua wa kutuzuia tusiingie Dunga, wala Dunga haina ua wa kuzuia taka zetu. Kijiji kile kikiharibika, sisi ndio tutakaopoteza mahali pa karibu pa kupumua, na samaki, na ajira ambayo watoto wetu wangeweza kupata.

Tumekubaliana kwamba mwaka ukiisha tutakwenda tena, kwa miguu vile vile. Nitamtafuta yule mama. Akiniuliza tena kama nimefuata mizigo yangu, nataka niweze kumwambia, "Hapana, Mama. Safari hii tumekuja kula samaki."



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mahali gani tulivu karibu nanyi ambapo watu wa mbali wanapenda kwenda, nanyi hamjawahi kwenda?

2. Maji ya mvua yanayopita kwenu yanaishia kwa nani? Mmewahi kwenda kuona?

3. Kama wageni wangekuja kwenu, ni kazi gani ya zamani ambayo kikundi hakipaswi kuiacha?

4. Ni nani atakayesoma hesabu ya pesa za wageni, na mbele ya nani?